Pepo Aliyekataza Maji ya Mto

Maishani mwangu nimeumwa homa, nimeumwa meno, nimeangukiwa na mchi kidole cha mguu kikavunjika, na nimezaa mara saba. Katika hayo yote hakuna hata moja lililotibiwa kwa bidii kuliko ugonjwa ambao sikuwa nao. Wajukuu wangu siku hizi wakichomwa sindano moja zahanati wanarudi wanachechemea na kutaka kubembelezwa. Sindano moja! Mimi katika siku chache tu nilifukizwa, nikaumikwa chuku, nikanyweshwa kombe, nikanyweshwa unga wa Mdachi na mafuta ya Mdachi, na mwisho nikapungwa pepo kwa vinu. Muda wote huo nilikuwa mzima wa afya. Nilikuwa na njaa tu.

Ilikuwa mwaka ulipoanza vita vya Majimaji. Mimi kwa asili ni mtu wa visiwani, kwenye mikoko ya Salale, ambako baba yangu alikuwa mkata boriti. Nikaolewa bondeni, karibu na Mkongo, kwa watu wa mpunga. Nilikuwa na mwaka wa pili katika ndoa na sijapata mtoto bado. Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mume wangu, mdogo wake ambaye alikuwa hajaoa, na mama yao, mavyaa wangu. Baba mkwe alikwisha fariki kabla sijafika, na mavyaa ndiye aliyeendesha nyumba, mashamba, kuku na sisi.

Basi zikaja habari kwamba huko juu, Umatumbini, yupo mganga anatoa maji. Mwanamume akinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi ikimfikia inageuka maji na kumtiririka tu. Wanaume walikuwa wakienda kwa makundi na kurudi na vibuyu vidogo shingoni, wakitembea vifua mbele. Hakuna aliyewalaumu. Sote tulikuwa tumechoshwa na pamba ya akida, tuliyoilima kwa viboko huku mpunga wetu ukiliwa na ngedere. Hata mimi ningemchapa akida kwa mwiko wangu kama ningempata peke yake.

Niseme wazi, sikuwa na shaka na yale maji. Shaka yangu ilikuwa juu ya mume wangu. Mume wangu alikuwa mtu mwema, mpole, mcheshi, lakini mikono yake haikuwa na uhusiano wowote na macho yake. Mwezi mmoja kabla ya hapo kenge alijilaza uani kwetu, ameshiba mayai yetu, amelala fofofo. Mume wangu alimnyemelea, akajipanga, akainua mkuki, akavuta pumzi, akatupa. Mkuki ulipita juu ya kenge, ukapita juu ya kuku, ukaingia kwenye mtungi wa maji wa mama yake. Kenge aliamka kwa ule mlio, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka taratibu. Mtu wa namna hiyo unamwacha aende vitani? Hata risasi zikigeuka maji, angejichoma mwenyewe.

Mdogo wake alikuwa mtu mwingine kabisa. Shemeji yangu alikuwa na miguu myepesi na jicho kali, anapiga ndege kwa jiwe akiwa anatembea. Alikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu, mwenye maneno mengi, na kila neno lake la pili lilikuwa la kunichokoza, kwa kuwa mashemeji ni watani. Akinikuta natwanga huniuliza kama naua nyoka. Akila wali wangu husema ameonja kokoto nyingi maishani lakini hizi zimeiva vizuri. Nilimpenda sana, nami nilimtukana kila siku kama inavyotakiwa.

Kundi la kijiji chetu lilipanga kuondoka mwezi utakapoandama. Zilibaki siku tisa. Mavyaa alifurahi kupita wote. Yeye aliyaamini yale maji kwa moyo wake wote na alitaka wanawe wawili wayapate mapema, kabla hayajaisha. Akaanza kukaanga mahindi na kusaga unga wa safari. Nikamwambia mume wangu, tukiwa wawili, asiende. Akanijibu, "Mke wangu, wenzangu wote wanakwenda. Nikibaki mie nitaitwaje?" Nikaona maneno hayatafaa kitu. Kesho yake asubuhi sikuamka.

Kwetu mwanamume hasafiri mkewe akiwa mgonjwa kitandani, wala kijana asiyeoa hamwachi mama mgonjwa. Mume akifanya hivyo, ndugu za mke wana haki ya kuja kumchukua binti yao, na hakuna wa kuwazuia. Hilo ndilo nililolitegemea. Nilijua nikilala siku tisa, kundi litaondoka na mume wangu atabaki. Nilikuwa na miaka kama kumi na saba na niliona hii ni akili kubwa mno. Nilichosahau ni kwamba mavyaa naye alizijua siku tisa zile. Mwanawe hawezi kuondoka mimi nikiwa mgonjwa, kwa hiyo lazima nipone, na lazima nipone upesi.

Siku ile ile nikafukizwa. Mavyaa alichemsha nyungu ya majani ya kivumbasi na mlimau, akaniketisha juu ya kigoda, akaiweka nyungu miguuni mwangu, akanifunika blanketi na mkeka, kisha akakalia ukingo wa mkeka mwenyewe ili nisitoke. Nilitoka jasho mpaka nikahisi nimepungua urefu.

"Homa imetoka," alisema mavyaa akinifunua. "Nimeiona inapita mlangoni."

Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba homa kweli imetoka, lakini imeuacha mgongo unauma.

Ulikuwa ujinga kuutaja mgongo. Mavyaa alikuwa na pembe tatu za chuku zilizorithiwa toka kwa bibi yake, na kwa muda mrefu hakuwa amepata mgongo wa kuzitumia. Alinichanja, akaibandika pembe, akafyonza hewa kwa kinywa, akaziba tundu kwa nta, akahamia ya pili. Akakaa kando kusubiri kama mtu anayesubiri wali uive. Alipozibandua alimwita mume wangu aone ile damu.

"Nyeusi ti! Umeona? Huu ndio ugonjwa."

Ilikuwa damu nyekundu ya kawaida, kama ya mtu yeyote aliyechanjwa. Mume wangu aliitazama mara moja, akaketi chini ghafla, na ikabidi apepewe yeye. Nikiwa nimelala kifudifudi nilijisemea, huyu ndiye aliyetaka kwenda vitani.

Taabu kubwa zaidi ya pembe ilikuwa njaa. Mgonjwa kwa mavyaa alikuwa anapewa uji mwepesi usio na chumvi, kata moja asubuhi na moja jioni. Siku ya tatu, mavyaa akiwa shambani, nilinyata mpaka jikoni nikachomoa muhogo kwenye majivu. Nilikuwa nimejaza kinywa chote nilipoona kivuli mlangoni. Shemeji alikuwa amesimama, amekunja mikono. Alinitazama mimi, akautazama muhogo, akanitazama tena.

"Shemeji," alisema, "ugonjwa wako una meno."

Nikashindwa kujibu kwa sababu ya muhogo. Yeye akacheka kimya kimya mpaka akashika nguzo. Nilipomeza nilimwambia ukweli wote, kuhusu mume wangu, kuhusu mkuki na mtungi, na kwamba sitaki kuwa mjane. Alisikiliza. Mara hii hakutania.

"Haya," alisema. "Kaka yangu kweli asiende. Lala."

Tangu siku hiyo, kila adhuhuri mavyaa akiwa shambani, shemeji aliniletea kambale aliyeokwa, amemfungia ndani ya jani la mgomba. Nilimla nikiwa nimejifunika, na miiba aliichukua akaitupa mbali. Jioni alimwuliza mama yake mbele yangu, kwa uso wa huruma, "Mama, bado hali? Maskini! Naona anakwisha." Nilikuwa nauma shuka ili nisicheke.

Chuku ziliposhindwa, mavyaa akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, akatia kwenye chupa. Hilo ndilo kombe, na nilitakiwa ninywe funda tatu kila baada ya sala. Kombe sikulilalamikia. Lilikuwa na harufu nzuri, na baada ya pembe lilikuwa starehe. Ila niliona haya, maana kumdanganya mavyaa ni jambo moja, na kulidanganya neno la Mungu ni jingine. Kila nikinywa niliomba msamaha kwanza.

Kombe halikudumu, na sababu yake ni vita. Wadachi walikwisha kusikia habari za maji, na askari wao walikuwa wakizunguka vijijini kuyatafuta. Wakikuta kibuyu wanakivunja, wakikuta chupa wanainusa. Watu walifikia hatua ya kuogopa kuonekana na kiu. Siku ya tano wakaingia kwetu askari wawili pamoja na mganga wa boma, mtu wa Mrima aliyevikwa koti jeupe. Askari mmoja akaiona chupa yangu dirishani, ina maji ya manjano. Akaruka nyuma.

"Maji!"

"Kombe hilo, baba," alisema mavyaa. "Mna Ayatul Kursi ndani."

Askari walikuwa Waislamu. Walisimama wakatazamana, na niliona jinsi jambo lilivyowabana. Kama ni maji ya mganga, amri ni kuyamwaga. Kama ni Kurani, nani atathubutu kuimwaga chini watu waikanyage? Kuiacha hawawezi, kuimwaga hawawezi. Walijadiliana kwa lugha yao kitambo kizima. Mwishowe yule mkubwa wao akaikamata chupa, akasema Bismillahi, akanywa nusu, kwa sababu alikuwa anaumwa mgongo. Mwenzake akamalizia kwa sababu alikuwa anaota ndoto mbaya. Wakairudisha chupa tupu kwa adabu na kumshukuru mavyaa.

Kwa kutulipa fadhila wakamwambia mganga wa boma anitazame. Yeye alikuwa na sanduku la mbao na ndani yake dawa mbili tu: unga mweupe na mafuta ya nyonyo.

"Ugonjwa uko juu ya kitovu au chini ya kitovu?" akaniuliza. Juu ya kitovu ni unga, chini ni mafuta. Ndivyo alivyofundishwa na daktari wa Kidachi, au ndivyo alivyofahamu yeye.

Nikaona hapa ndipo pa kumshinda. Nikaweka kidole juu ya kitovu chenyewe. "Hapa," nikasema.

Alishangaa. Alikitazama kitovu changu, akalitazama sanduku lake, akajikuna. Ni dhahiri hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Kisha uso wake ukachangamka, akachukua kifuu cha nazi, akatia unga, akamimina mafuta juu yake, akakoroga kwa kijiti. Uchungu wa ule unga, ambao baadaye nilijua unaitwa kwinini, sijausahau hadi leo. Na yale mafuta yalikuwa mazito yakakataa kushuka, kisha yakakubali, kisha yakataka kutoka yote kwa pamoja. Jioni nzima nilikuwa natoka mbio kuelekea vichakani na kurudi, mbio ambazo mgonjwa hana haki ya kuwa nazo. Mavyaa alisimama uani akinihesabia.

"Anapata nguvu," alimwambia mume wangu. "Dawa ya boma si mbaya."

Nikalala siku ya sita bila kujifanya. Na ndipo mavyaa, alipoona chuku zimeshindwa, nyungu imeshindwa, kombe limenywewa na serikali na dawa ya Mdachi imenigeuza digidigi, alipokata shauri kwamba haya si ya homa wala ya mgongo. Haya ni ya pepo. Mwari wa visiwani amekuja na kitu chake cha mikokoni. Akamtuma mtu upande wa Kibiti kumleta fundi wa pepo.

Fundi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na jicho moja lililokuwa limefumba nusu kana kwamba linakukonyeza. Alifika siku ya saba asubuhi, akaketi, akanywa uji wa mchele vibuyu viwili huku mimi namtazama kwa wivu, kisha akauliza ngoma ziko wapi. Mavyaa akamweleza kwamba akida amepiga marufuku. Hakuna ngoma, wala ya harusi wala ya unyago, kwa kuwa Wadachi wanaogopa ngoma zinaita watu vitani.

Fundi alinuna. "Pepo atapandaje bila ngoma? Nimpigie makofi?" Akafikiri. "Kutwanga nako wamekataza?"

"Kutwanga hawajakataza."

"Basi leteni vinu."

Vikaletwa vinu vitatu na wanawake sita, wawili kila kinu. Nikaketishwa katikati uani, nimefunikwa kitambaa, chini ya pua yangu udi na ubani. Fundi akawapa mwendo kwa kupiga paja lake, na michi ikaanza. Du-du-ndi! Du-du-ndi! Nyimbo ziliimbwa kwa kunong'ona, kwa hiyo unasikia vishindo vikubwa na juu yake wanawake sita wanatoa mlio kama wa nyoka. Ardhi ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana.

Tukiwa katikati ya hayo, akapita yule askari wa mgongo.

"Mnatwanga nini?" akauliza.

"Mpunga, baba," alijibu fundi bila kusita.

Askari akachungulia kinu cha kwanza. Kitupu. Cha pili. Kitupu.

"Mpunga uko wapi?"

"Tumekwisha kuumaliza."

"Sasa mbona mnatwanga?"

"Tunakausha kinu," alisema fundi, na lile jicho lake likamkonyeza lenyewe.

Askari alifikiri sana juu ya kukausha kinu. Kisha akamsogelea mavyaa na kumwuliza kwa sauti ya chini kama kuna kombe lingine, maana mgongo ulikuwa umepoa. Hakuna, akaambiwa. Akaenda zake kwa masikitiko.

Vinu vikaanza upya, kwa kasi zaidi, na fundi akanishika kichwa na kukizungusha. "U nani? U nani wewe uliyekikalia kiti hiki? Sema!" Kiti ni mimi, yaani yule anayekaliwa na pepo. Nilikuwa sikula vizuri kwa siku saba, damu nimetolewa, tumbo limesombwa, na ule moshi wa ubani ulikuwa umenijaa kichwani. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti nene ambayo sikuijua.

"Mimi ni wa maji ya chumvi," ikasema.

Wanawake waliacha kutwanga. Kisha nikatambua kwamba sasa ninayo nafasi ambayo sijawahi kuipata tangu kuolewa: ninasema, na kila mtu katika nyumba hii analazimika kunisikiliza.

"Wataka nini?" fundi akauliza.

Nikasema nataka kamba wakavu wa mikokoni. Nataka halua. Nataka kitambaa chekundu. Nataka kiti changu asipelekwe kupalilia pamba miezi miwili.

"Pepo mvivu huyu," nilimsikia mavyaa akinong'ona.

"Na mume wa kiti changu," nikaendelea, na hapa nikaitilia nguvu sauti, "asinywe maji ya mto, wala ya mganga yeyote wa mto. Mimi ni wa chumvi. Maji mawili yakikutana katika nyumba moja yatagombana, na mwanamke huyu atapasuka. Mume akanichotee maji ya bahari, kwa mkono wake, aniletee hapa. Aondoke kesho."

Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, kiganja kimeziba kinywa, machozi yanamtoka kwa kicheko. Mume wangu alikuwa amesimama kando yake, mikono kichwani, hofu tupu usoni. Na mavyaa alikuwa amepiga magoti mbele yangu. "Tumesikia, bwana," aliniambia mimi, mkwe wake, yeye aliyekuwa akinituma kuni kila siku. "Tumesikia. Atakwenda."

Kesho yake alfajiri mume wangu aliteremka na mtumbwi kwenda Salale na mtungi wa kuchotea bahari. Kwenda na kurudi, kwa namna anavyopiga kasia, nilijua hazitapungua siku nane. Nilimwangalia akiondoka, mtumbwi unakwenda upande upande, na moyo wangu ukajaa furaha. Nilikuwa nimeshinda.

Mwezi ukaandama, na kundi likaondoka. Shemeji alikuwemo. Alikuja kuniaga nikiwa nimeketi kibarazani, maana sasa nilikuwa na ruhusa ya kupata nafuu. Alikuwa na mkuki wa baba yake na mfuko wa ule unga wa safari. Mama yake alikwisha kumbariki na kumwambia aombe maji ya kutosha, alete na ya kaka yake, huenda pepo akaja kulainika.

"Shemeji," aliniambia, "sasa kambale utavuliwa na nani?"

"Nenda huko," nikamwambia. "Afadhali nisile kuliko kula na maneno yako."

Akacheka, akaenda. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Yule alikuwa na miguu na alikuwa na jicho; sikuwahi kumfikiria kuwa mtu wa kufa. Pepo alikuwa bado yumo kinywani mwangu, ningeweza kumwita wakati ule ule pale kibarazani, nikaanguka, nikasema wanaume wote wa nyumba hii wasinywe maji ya mto. Halikunijia. Mgongo ulikuwa unaniwasha kwa zile chale, na nilikuwa nawaza halua.

Mume wangu alirudi na mtungi umebaki nusu, na wote wakaketi kunitazama nikinywa bahari. Nilikunywa bakuli zima. Nilitapika mpaka jioni, na mavyaa akasema pepo ameridhika.

Baada ya majuma kadhaa wakaanza kurudi watu, wawili, watatu, bila vibuyu. Hawakuwa wanatembea vifua mbele. Mmoja wao alikuja kwetu, akakataa kuketi, akasimama uani akieleza kwa maneno machache kwamba risasi hazikugeuka maji. Shemeji yangu alikuwa mbele, kwa sababu alikuwa na mbio kuliko wote. Mavyaa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama amekula. Halafu akaingia ndani.

Vita viliendelea, ikafuata njaa, mashamba yalichomwa, tukala ming'oko na mizizi mingine ambayo hata nguruwe huichagua. Mume wangu alipona yote hayo. Tuliishi pamoja miaka mingi, tukazaa wale watoto saba, na hadi anakufa, mzee wa mvi, hakuwahi kumpiga kenge hata mmoja. Pepo nililazimika kumlea. Kila mwaka mavyaa aliniletea kamba wakavu na bakuli la maji ya chumvi, nami nilikunywa, kwa sababu nilikwisha kusema.

Mavyaa alipokuwa mzee sana aliumwa kifua, na zamu ikawa yangu. Nilichemsha nyungu, nikamketisha, nikamfunika blanketi na mkeka, nikakalia ukingo. Alilalamika huko ndani kwa sauti ya kitoto, kwamba nataka kumpika, kwamba nalipiza. Nikamwonea huruma, nikataka kumchekesha. Na labda nilikuwa nimechoka kunywa chumvi. Nikamwambia, "Mama, mie sikuwa na pepo. Sikuwa naumwa kabisa. Nilikuwa najifanya, ili mume wangu asiende."

Nilidhani amekasirika. Kisha mkeka ukaanza kutikisika, akacheka. Alicheka kwa kifua chake kile kibovu, akataja zile pembe, akataja kitovu, akataja askari na kinu kitupu, nami nikacheka naye, tukashikana kupitia lile blanketi, tukacheka mpaka maji ya nyungu yakamwagika.

Nilipomfunua, uso wake ulikuwa umelowa, na sikujua ni jasho au ni nini. Alikuwa ameacha kucheka. Alinishika mkono, hakuukaza, aliushika tu.

"Mwanangu," alisema, "mbona hukuniambia? Na mie ningeumwa."